Penzi la Wasomaji na Kitabu cha Bwana wa Pete

Historia ya vitabu aghalabu huandikwa kama historia ya watungaji. Husimuliwa mtungaji alizaliwa wapi, alisoma nini, aliandika lini, na wahakiki wa zama zake walimweka katika daraja gani. Msomaji, ambaye pasipo yeye kitabu ni karatasi na wino tu, hutajwa mwishoni kwa hesabu ya nakala zilizouzwa. Lakini viko vitabu ambavyo historia yake haieleweki kwa njia hiyo, kwa kuwa kilichoviinua si hukumu ya wahakiki wala fedha ya matangazo, bali ni penzi la watu waliovisoma. Kimoja katika vitabu hivyo ni hekaya ndefu ya Mwingereza J. R. R. Tolkien, The Lord of the Rings, jina ambalo kwa Kiswahili ni Bwana wa Pete. Hekaya hiyo ilitolewa London katika majuzuu matatu baina ya mwaka wa 1954 na mwaka wa 1955. Penzi la wasomaji wake lilidharauliwa na wataalamu wengi, likaitwa utoto na upuuzi. Hata hivyo katika mwaka wa 1965 lilifanya kazi ambayo sheria ya taifa kubwa haikuwa tayari kuifanya. Yafaa basi kutazama penzi hilo lilizaliwaje, lilijaribiwaje, na ni ushahidi wa nini.

John Ronald Reuel Tolkien alizaliwa tarehe 3 Januari 1892 katika mji wa Bloemfontein, Afrika ya Kusini, ambako baba yake alikuwa meneja wa benki. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu mama yake alimchukua yeye na mdogo wake kwenda Uingereza; baba alibaki nyuma kwa ajili ya kazi, akafa huko mwaka wa 1896 kabla ya kuwaona tena. Mjane huyo na wanawe wawili walikaa katika kijiji cha Sarehole, karibu na Birmingham, mahali penye kinu cha maji, miti na mashamba. Kijiji hicho baadaye kilimezwa na mji. Mama ndiye aliyemfundisha mwanawe Kilatini na kumfungulia mlango wa lugha. Yeye naye alikufa mwaka wa 1904 kwa maradhi ya kisukari, wakati ambapo dawa yake ilikuwa bado haijavumbuliwa, akawaacha watoto chini ya ulezi wa kasisi mmoja. Kwa hiyo Tolkien alipofikia umri wa miaka kumi na miwili alikuwa amekwisha kupoteza baba, mama, na kijiji alichokipenda.

Hasara nyingine ilikuwa mbele yake. Shuleni Birmingham alikuwa na marafiki watatu waliozoea kukutana, kunywa chai, kusomeana mashairi na kuahidiana mambo makubwa. Vita vya kwanza vya dunia viliwachukua wote. Tolkien alifika Ufaransa mwaka wa 1916, akiwa afisa wa mawasiliano katika kikosi cha Lancashire Fusiliers, akaingia katika mapigano ya Somme. Rafiki yake mmoja, Rob Gilson, aliuawa siku ya kwanza ya mapigano hayo, tarehe 1 Julai 1916. Wa pili, G. B. Smith, alikufa kwa majeraha mwezi wa Desemba mwaka ule ule. Tolkien mwenyewe aliokolewa na maradhi: homa ya mahandaki, ambayo huenezwa na chawa, ilimrudisha Uingereza mwezi wa Novemba. Akiwa mgonjwa, alianza kuandika hekaya ya mji mzuri uliofichwa na ukaangamizwa kwa hiana. Hekaya hiyo ndiyo iliyokuwa jiwe la kwanza la jengo alilolijenga maisha yake yote.

Jengo hilo lilikuwa na msingi wa namna ya peke yake. Watungaji wengi hubuni kisa kwanza, kisha wakatafuta majina ya watu na ya mahali. Tolkien alianza na maneno. Tangu ujana wake alipenda kuunda lugha, na lugha mbili alizozishughulikia zaidi zilikuwa na sarufi, misamiati na historia ya mabadiliko ya sauti zake. Moja, iliyoitwa Quenya, ilipata ladha yake katika Kifini, lugha aliyovutwa nayo alipokuwa mwanafunzi wa Oxford. Ya pili, iliyoitwa Sindarin, ilifuata mwendo wa lugha ya Wales. Baadaye alieleza kwamba hekaya zake zilitungwa ili lugha hizo zipate ulimwengu wa kukaa, wala si lugha zilizotungwa ili kupamba hekaya. Kwa mtu wa kazi yake jambo hilo halikuwa mchezo. Alifanya kazi katika kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford baada ya vita, akafundisha Leeds, na tangu mwaka wa 1925 mpaka alipostaafu mwaka wa 1959 alikuwa profesa wa Oxford, kwanza wa Kiingereza cha kale, kisha wa lugha na fasihi ya Kiingereza. Alijua kwamba neno ni kama sarafu ya kale: mwenye kulichunguza huona juu yake sura za wafalme waliokufa.

Elimu hiyo ilimpa pia ujasiri wa kupingana na desturi ya wasomi. Mwaka wa 1936 alitoa hotuba juu ya Beowulf, utenzi mkongwe wa Kiingereza ambao shujaa wake hupigana na mazimwi mawili na joka. Wataalamu walikuwa wameutumia utenzi huo kama shimo la kuchimbulia habari za historia, huku wakiona aibu kwamba mshairi aliyejua kutunga vizuri hivyo alipoteza nguvu zake juu ya mazimwi. Tolkien alisema kwamba mazimwi ndiyo kiini cha utenzi, kwa kuwa ndiyo yaliyompa mshairi njia ya kusema juu ya kushindwa kwa mwanadamu mbele ya wakati na mauti. Msomaji wa Kiswahili aliyezoea maajabu ya Utenzi wa Rasi 'lGhuli hataona ugeni katika dai hilo. Lakini kwa wasomi wa Kiingereza wa siku hizo lilikuwa dai jipya, na hotuba hiyo ilibadili namna ya kuusoma utenzi ule.

Mwaka uliofuata, tarehe 21 Septemba 1937, kitabu chake cha watoto, The Hobbit, kilitolewa na wachapishaji George Allen and Unwin wa London. Kisa chake ni cha kiumbe mmoja mfupi, mpenda raha na chakula, anayetolewa nyumbani kwake kwenda kutafuta hazina iliyolindwa na joka. Mwenye kampuni, Stanley Unwin, hakuamini kwamba watu wazima ndio wanaofaa kuhukumu vitabu vya watoto. Kwa hiyo alimpa mswada mwanawe Rayner, mwenye umri wa miaka kumi, asome na kuandika maoni yake kwa ujira wa shilingi moja. Mtoto alikisifu, na kitabu kikachapishwa. Nakala 1,500 za kwanza zilikwisha kabla ya Krismasi. Huyo mtoto wa shilingi moja yafaa akumbukwe, maana atarudi tena katika historia hii.

Wachapishaji wakaomba kitabu kingine. Mwezi wa Desemba 1937 Tolkien alianza kuandika, akidhani kwamba anaandika kisa kingine kidogo cha watoto. Kazi ilimwendea kinyume cha matazamio yake. Pete ambayo katika kitabu cha kwanza ilikuwa kifaa cha kumfanya mtu asionekane, katika kitabu kipya iligeuka kuwa jambo zito: ni pete iliyofuliwa na mfalme wa giza, Sauron, ili azitawale nyoyo za wote, na yeyote anayeitumia, hata kwa nia njema, hugeuzwa na kuwa mtumwa wake. Hapana njia ila kuiharibu katika moto ule ule ilimofuliwa, na mzigo wa kuipeleka huko unamwangukia Frodo, mmoja wa wale viumbe wafupi wasio na nguvu wala sifa.

Kazi hiyo ilichukua miaka kumi na miwili. Ilipita katikati ya vita vya pili vya dunia, pamoja na uhaba wa karatasi, hata mtungaji akawa anaandika nyuma ya karatasi za mitihani ya wanafunzi. Mara kadhaa ilisimama kabisa. Alhamisi jioni aliwasomea rafiki zake sura mpya katika chumba cha C. S. Lewis, mwalimu mwenziwe wa Oxford. Si wote waliopendezwa. Mmoja wao hakuficha kuchoshwa kwake. Lakini Lewis alisikiliza, akasifu, akadai sura nyingine, na Tolkien alikiri baadaye kwamba bila ya Lewis kitabu kisingalikwisha. Mwaka wa 1944 sura zilizokwisha kuandikwa zilitumwa kwa mwanawe Christopher, aliyekuwa Afrika ya Kusini katika mafunzo ya urubani. Kwa hiyo kabla kitabu hakijachapishwa kilikuwa tayari kinaishi kwa penzi la wasikilizaji wachache. Kilipomalizika mwaka wa 1949, mtungaji alikuwa amekipiga chapa sehemu kubwa kwa vidole vyake mwenyewe, kwani hakuwa na fedha za kumlipa mtu wa kazi hiyo.

Ikaja miaka ya mashaka. Tolkien alitaka hekaya mpya itolewe pamoja na hekaya zake za kale, The Silmarillion, ambazo zilikuwa hazijakamilika. Wachapishaji wake wakasita. Akageukia kampuni nyingine, nayo baada ya muda ikaona kitabu ni kirefu mno. Mwaka wa 1952 alirudi kwa Allen and Unwin kwa unyenyekevu, yu tayari kupokea lolote. Aliyempokea alikuwa Rayner Unwin, yule mtoto wa shilingi moja, sasa kijana anayefanya kazi katika kampuni ya baba yake. Alipiga hesabu akaona kwamba kampuni yaweza kupata hasara ya pauni 1,000. Alimpelekea baba yake, aliyekuwa safarini Mashariki ya Mbali, habari za hasara hiyo, pamoja na imani yake kwamba kitabu hiki ni kazi ya kipaji kikubwa. Jibu la mzee lilikuwa kwamba kama anaamini hivyo, na aipoteze pauni elfu hiyo. Mapatano yalikuwa ya namna ya zamani: mtungaji asipate kitu mpaka gharama zirudi, kisha wagawane faida nusu kwa nusu. Hapana aliyedhani kwamba mapatano hayo ya tahadhari yatamtajirisha mwalimu yule.

Kwa sababu ya bei ya karatasi na urefu wa kazi, kitabu kiligawanywa katika majuzuu matatu. La kwanza, The Fellowship of the Ring, lilitoka tarehe 29 Julai 1954, kwa bei ya shilingi 21. La pili, The Two Towers, mwezi wa Novemba mwaka huo huo. Juzuu hilo la pili lilikoma mahali pabaya: Frodo yu mikononi mwa adui, na mtumishi wake Sam yu nje ya lango lililofungwa. Juzuu la tatu, The Return of the King, lilichelewa mpaka tarehe 20 Oktoba 1955, kwa kuwa mtungaji alikuwa akishughulika na nyongeza za mwisho: nasaba za wafalme, tarehe, kalenda, maandishi na maelezo ya lugha. Barua za malalamiko zilifika kwa wachapishaji. Wasomaji walikuwa hawawezi kungoja. Dalili ya penzi ilikuwa imeanza kuonekana, na kama wasemavyo wahenga, mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika.

Walipenda nini? Jibu jepesi ni vita, farasi, panga na uchawi; lakini vitu hivyo vilikuwako katika vitabu vingi vilivyosahauliwa. Jibu la kwanza lililo zito ni kina cha ulimwengu wenyewe. Msomaji anaposafiri na Frodo hupita magofu yenye majina, husikia nyimbo juu ya vita vilivyokwisha zamani, hukutana na lugha asizozijua lakini anazohisi kwamba zina utaratibu. Hisia hiyo haikuwa ya kudanganywa. Nyuma ya kila jina palikuwa na mzizi wa neno, na nyuma ya kila gofu palikuwa na hekaya ambayo mtungaji amekwisha kuiandika, hata kama haijachapishwa. Wasomaji, ambao wengi wao hawakuwa wataalamu wa lugha, waliitambua kweli hiyo kama vile mtu anavyoitambua sauti ya chungu kizima na ya chungu chenye ufa.

Jibu la pili ni huzuni yake. Kitabu hiki kina ushindi, lakini ushindi wake una gharama. Frodo afikapo ukingo wa moto hana tena nguvu ya kuitupa pete. Anaidai kuwa yake. Kinachoiharibu ni Gollum, kiumbe mnyonge na mwovu ambaye Frodo na wengine kabla yake walimhurumia wasimwue; yeye anainyang'anya pete pamoja na kidole, kisha anaanguka nayo motoni. Ulimwengu unaokolewa na huruma iliyotendwa zamani, si na upanga. Na Frodo arudipo nyumbani, wenziwe wanaoa, wanalima na kustawi. Yeye hapati raha, jeraha lake halifungi, na hatimaye huondoka kwenda ng'ambo ya bahari. Wasomaji wa mwaka wa 1954 waliowaona ndugu zao wakirudi kutoka vitani wazima wa mwili na wagonjwa wa roho hawakuhitaji kufasiriwa jambo hilo. Mtungaji alikanusha kwamba pete ni mfano wa bomu la atomiki, akaeleza kwamba mpango wa kisa ulitangulia bomu. Lakini hakukana kwamba mtu aliyepita Somme huandika kwa mkono uliopita Somme.

Wahakiki waligawanyika. C. S. Lewis alikisifu hadharani. Na mshairi W. H. Auden, ambaye alipokuwa mwanafunzi alimsikia Tolkien akiisoma Beowulf kwa sauti na akavutwa nayo, alikitetea katika magazeti ya New York na kukiri kwamba watu hawakubali kukaa katikati juu ya kitabu hiki: ama hukipenda ama hukichukia. Upande wa pili, Edmund Wilson, mhakiki mashuhuri wa Marekani, aliandika mwaka wa 1956 makala ya kejeli, akakihesabu kuwa kitabu cha watoto, na akawashangaa watu wazima waliokisifu. Mwaka wa 1961 Philip Toynbee aliandika katika gazeti la London kwamba vitabu hivyo vimekwisha kusahauliwa, na kwamba ni heri. Kauli hiyo yafaa kuwekwa akilini na kila mwenye kutoa hukumu juu ya vitabu, kwa sababu miaka minne tu ilitosha kuionyesha ilivyokuwa.

Hadithi ya mwaka wa 1965 ilianza kwa kasoro ya sheria. Wakati huo sheria ya Marekani haikukilinda kikamilifu kitabu cha Kiingereza kilichochapwa nchi za nje, ila kwa muda mfupi na kwa nakala zisizozidi idadi fulani kuingizwa nchini. Wachapishaji wa Tolkien wa Marekani, Houghton Mifflin, walikuwa wameingiza kurasa zilizochapwa Uingereza kupita idadi hiyo. Kampuni ya Ace Books ya New York, iliyozoea kutoa hekaya za bei nafuu, iliona mlango umeachwa wazi. Ikachapisha majuzuu yote matatu kwa jalada la karatasi, senti 75 kila moja, bila ya ruhusa ya mtungaji na bila ya kumlipa. Mbele ya sheria, kama kampuni hiyo ilivyoifasiri, hapana kosa lililotendwa. Nakala zikauzwa kwa makumi ya maelfu, hasa kwa wanafunzi wa vyuo, ambao kwa mara ya kwanza waliweza kukinunua kitabu ambacho bei yake ilikuwa imewashinda.

Hapa pana jambo la kutazamwa kwa haki. Ace Books, pamoja na dhuluma yake, ndiyo iliyokifikisha kitabu mikononi mwa vijana. Wasomaji wangeweza kusema kwamba mtungaji yu mbali, ni mtu asiye maskini, na kwamba senti 75 ni rahisi kuliko senti 95, ambayo ndiyo bei ya toleo la halali lililotolewa na Ballantine Books mwezi wa Oktoba mwaka ule ule. Toleo hilo lilikuwa limesahihishwa na mtungaji mwenyewe, ili lipate ulinzi mpya wa sheria, nalo lilibeba juu ya jalada lake maneno machache ya Tolkien yaliyowaomba wasomaji wanaojali heshima kwa watungaji walio hai walinunue hilo, wasinunue jingine. Alikuwa pia na desturi ya kuwajibu wasomaji waliomwandikia, na katika majibu yake kwa Wamarekani akawa anaeleza habari za toleo lisilo na idhini na kuwaomba wawaambie wenzao.

Nao waliwaambia. Wapenzi wa kitabu waliandika kwa magazeti na kwa maduka, wakawaonya wenzao, wakataka toleo lisilo na idhini liondolewe. Senti ishirini za tofauti, ambazo kwa mwanafunzi si kitu kidogo, hazikuwazuia. Haukupita muda mrefu toleo la Ballantine likalipita la Ace, na hesabu ya nakala zake ikavuka milioni moja. Mwanzoni mwa mwaka wa 1966 Ace Books ilikubali kumlipa Tolkien fungu lake kwa nakala zote zilizouzwa na kutochapisha nyingine. Hapana mahakama iliyoamuru hivyo. Kilichoamuru ni haya mbele ya wasomaji. Sheria yenyewe ilikuja baadaye sana: mwaka wa 1992 ndipo mahakama moja ya New York, katika shauri jingine, ilipoamua kwamba haki ya kitabu hicho katika Marekani haikupotea. Kwa miaka ishirini na sita wasomaji walikuwa wameitangulia sheria kufika penye haki.

Wahenga husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Historia hii yaifafanua methali hiyo. Kitabu hakina miguu wala ulimi. Chema hujiuza kwa vinywa vya wale waliokwisha kukipenda. Uhasama wa Ace na Ballantine ulikitangaza kitabu kuliko tangazo lolote la kulipiwa, na vyuo vya Marekani vikajaa vijana wenye beji zilizosema kwamba Frodo yu hai, na kwamba Gandalf, mzee wa hekima katika hekaya, angefaa kuwa rais. Chama cha wasomaji wa Tolkien kilianzishwa New York mwaka wa 1965. Cha Uingereza kikafuata mwaka wa 1969. Wengine waliyageuza mapenzi hayo kuwa mtindo wa siku chache. Lakini wengine waliingia kwa mlango wa hekaya wakafika katika elimu yenyewe: walijifunza Kiingereza cha kale, Kifini na lugha ya Wales, ili wazione chemchemi ambazo mtungaji alinywea.

Penzi nalo lina mzigo, na mzigo huo ulimlemea mtungaji. Barua zilimjia kwa wingi usiokadirika. Wageni walibisha hodi nyumbani kwake Oxford bila ya kualikwa. Simu zilipigwa kutoka Marekani usiku wa manane, na watu waliosahau kwamba saa za nchi hizo mbili si sawa. Mwaka wa 1968 yeye na mkewe Edith walihamia Bournemouth, na anwani yao ikafichwa. Wakati huo The Silmarillion, kazi iliyokuwa moyoni mwake tangu mwaka wa 1916, ilikuwa bado haijakamilika. Na kila saa aliyoitumia kumjibu msomaji juu ya nasaba au jina ilikuwa saa iliyopunguzwa katika kazi hiyo. Alikufa tarehe 2 Septemba 1973 bila ya kuikamilisha. Christopher, yule aliyepelekewa sura Afrika ya Kusini, aliyakusanya maandishi ya baba yake, akaitoa The Silmarillion mwaka wa 1977, kisha baina ya mwaka wa 1983 na 1996 akatoa majuzuu kumi na mawili ya maandishi ya awali pamoja na maelezo yake. Alikufa mwaka wa 2020, akiwa ameitumia karibu nusu ya karne kuitumikia kazi isiyokuwa yake.

Penzi hilo lilivuka pia mipaka ya lugha. Tafsiri ya Kiholanzi ilitoka mwaka wa 1956 na 1957, na ya Kiswidi ikaanza mwaka wa 1959. Tolkien, aliyejua thamani ya kila jina, hakupendezwa na uhuru wa watafsiri, akaandika mwongozo juu ya majina yapasayo kutafsiriwa na yapasayo kuachwa. Katika Umoja wa Sovieti, ambako kuchapisha kulihitaji ridhaa ya serikali, watu walizipitisha mkono kwa mkono tafsiri zilizopigwa chapa kwa mashine za nyumbani. Sehemu ya kwanza ilitolewa rasmi mwaka wa 1982, tena imefupishwa. Mtu hapigi chapa mamia ya kurasa usiku, kwa hatari yake mwenyewe, kwa ajili ya upuuzi.

Mwishoni mwa karne ya ishirini mambo ya mwaka wa 1956 yalirudi. Mwaka wa 1997 wasomaji wa Uingereza waliulizwa kitabu kilicho kikubwa kuliko vyote vya karne hiyo, wakakitaja The Lord of the Rings. Na wahakiki kadhaa wakaonyesha hasira na masikitiko kama ya Edmund Wilson. Filamu tatu za Peter Jackson, za mwaka wa 2001 mpaka 2003, zilikiongezea wapenzi wasio na idadi, na wengi wao walikwenda katika kitabu baada ya kutoka katika sinema.

Je, penzi la wasomaji ni hukumu? La, si hukumu. Watu wengi wamewahi kupenda vitabu hafifu, na vitabu hivyo vikafa pamoja na waliovipenda. Lakini penzi ni ushahidi, na hakimu anayekataa kumsikiliza shahidi kwa sababu shahidi ni kijana, au kwa sababu anazungumza kwa shauku, si hakimu mwema. Toynbee alikuwa na elimu, wala hakukosa akili. Alichokosa ni udadisi wa kuuliza watu wale wanakipenda nini kitabu hiki. Rayner Unwin, alipokuwa na miaka kumi, hakuwa na elimu ya Toynbee, naye aliona sawasawa kwa sababu alisoma kwanza, akapenda, kisha ndipo akaandika maoni.

Kwa mwanafunzi na mwanachuoni funzo ni moja. Kitabu kinapopendwa na umati, kazi ya elimu si kuwakemea wapenzi wala kuwaiga, bali kukichunguza kile kilichopendwa mpaka sababu ipatikane. Katika kisa hiki sababu ilipatikana kuwa ni ile ile aliyokuwa nayo mtungaji mwenyewe: alipenda maneno ya watu waliokufa, rafiki wasiorudi, na kijiji kilichomezwa na mji, akaviandikia mahali ambapo haviwezi tena kupotea. Wasomaji walipofika mahali hapo walitambua kila mmoja hasara yake. Ndiyo maana, siku walipoambiwa kwamba mwenye nyumba amedhulumiwa, hawakungoja kuamriwa na sheria kumlipa.